Jicho la Masini Ambalo Ngoie Hakuliharibu

Mwezi uliopita nilipita atelye, karakana yetu ya vibao, kuwasalimia. Mlinipa kiti karibu na dirisha na soda baridi, aksanti sana. Mmoja wenu alikuwa anafungua kichwa cha masini ya leza ili apanguse lile jicho dogo la manjano ambalo mwali unapitia kabla ya kushuka kukata. Mwenzake akampigia kelele: "Angalia, usifanye ngoie!" Mkacheka wote. Na mimi nilicheka, mdomo ulicheka wenyewe kwa mazoea, kisha nikaweka soda chini.

Nikauliza ngoie ni nini. Mkanijibu: "Aa, Mama Bolumbu! Shi ni weye ulitufundisha? Kufanya ngoie ni kupangusa mubaya. Ni kuharibu kitu juu ya kuisafisha." Nikauliza tena, Ngoie gani? Mkatazamana. Jina lenyewe ni jingi hapa Kamina, ukirusha jiwe sokoni litampata Ngoie mmoja na kumrukia mwingine, kwa hiyo hamkuwahi kujiuliza.

Wanangu, Ngoie huyo ni mtu. Ni mwanamke, yuko hai, analima muhogo Kabongo, na yeye ndiye aliyenifundisha karibu yote niliyowafundisha ninyi. Jicho lile hakuliharibu. Nililiharibu mimi, nikanyamaza, akafukuzwa kazi mahali pangu, na jina lake likabaki humo ndani kama tusi. Mliniomba niwaandikie mambo ya kazi kabla sijasahau. Nitayaandika, lakini kwangu habari ya plastiki na habari ya Ngoie ni habari moja, kwa hiyo mtavumilia nikiruka huku na huku. Nitajaribu Kiswahili cha kitabu nilichofundishwa na masista. Watu nitawaacha waseme kwa mdomo wao.

Mimi ni mtoto wa Base, kambi ya jeshi iliyo nje ya mji. Baba alikuwa askari kutoka mkoa wa Équateur, nyumbani tulisema Lingala, Kiswahili nilikiokota kwa wenzangu, na Kiluba nilikijua ukubwani kwa kuchekwa. Nilipoingia kwa Tata Monga, mwenye atelye, hapakuwa na leza. Palikuwa na meza, msumeno mwembamba kama uzi, tupa, msasa, na Ngoie. Tulikata herufi za plexi, ile plastiki ngumu kama kioo, kwa mkono: majina ya maduka, vibao vya milango, misalaba midogo ya makaburi. Herufi S moja iliweza kula asubuhi nzima, na ikivunjika mkiani ulianza upya huku unamlaani aliyeivumbua.

Ngoie alinizidi miaka michache. Alikuwa mfupi, mwenye mikono mikubwa isiyofanana na mwili wake, na nilimwita yaya, dada mkubwa, tangu siku ya kwanza. Siku hiyo alinipa kipande cha plexi akaniambia nilainishe ubavu wake mpaka uone ng'ambo. Nikasugua kwa msasa mkavu, kwa nguvu zangu zote, nikampelekea huku nimejaa furaha. Ubavu ulikuwa mweupe kwa mikwaruzo.

"Umesugua sawa vile unaosha sufuria," akasema. "Weka mayi. Msasa ya plexi inakunywa mayi. Kisha unakamata ile laini, kisha ingine inaipita kwa ulaini. Na kila mara unabadilisha njia, hii inaenda hivi, ingine inaikata. Ukiona mistari ya zamani, haujamaliza."

Mwisho alipaka dawa ya meno kwenye kitambaa cha singileti iliyochakaa, akasugua polepole mpaka ubavu ukawa kama maji. Kila wiki tulinunua dawa ya meno, na muuza duka wa pembeni akaeneza habari kwamba watu wa kwa Monga wana meno mabaya kuliko wote wa Kamina. Mpaka leo, pamoja na pasta zenu za kung'arishia zinazotoka Lubumbashi, plexi yenye mkwaruzo mdogo mimi nitaipaka dawa ya meno. Nichekeni tu.

Makosa mengine yangu yalikuwa ya kuchekesha, nayo muyajue, msije mkafikiri tulikuwa tunalia tu kutwa. Mama mmoja alileta kazi ya kibao cha mlango cha watoto wake mapacha. Majina aliyaandika kwenye karatasi, moja upande huu, moja upande ule: Kyungu, Kabange. Mimi mtu wa Équateur nikaona Kabange ni refu, litakaa vizuri juu, na Kyungu likae chini yake. Nilikata siku mbili, nikang'arisha, nikatundika ukutani nikijisifu. Ngoie akaingia, akasoma, akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Mawe, mama yangu! Bolumbu, umemuzalisha ile mama upya!"

Kwa Waluba pacha anayetangulia kutoka ndiye Kyungu, anayemfuata ndiye Kabange, na humpandishi mdogo juu ya mkubwa eti kwa sababu herufi zinapendeza. Ngoie alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akasimama, akakamata msumeno, akakata Kyungu mpya mwenyewe ili mama yule asikute aibu yangu ukutani. Hivyo ndivyo alivyokuwa. Kosa langu alilifunika siku ileile, wala hakumwambia Tata Monga.

Kisha leza ikaja. Ilifika kwa treni kutoka Lubumbashi ndani ya sanduku la mbao kubwa kama kitanda, na ili aipate Tata Monga alikuwa ameuza nyumba aliyoachiwa na baba yake. Maisha yake yote yalikuwa ndani ya sanduku lile. Mlijue hilo kabla hamjamhukumu. Siku ileile aligawa kazi: "Ordinatere ni ya Bolumbu. Jicho ni ya Ngoie." Mimi nilikuwa nimesoma kidogo, kwa hiyo nilichora kwenye hiyo kompyuta na kuongoza mwali. Ngoie alishika kila kinachotaka mkono: jicho na vioo, maji ya kupoza, reli ambazo kichwa kinatembea juu yake, kisha kumalizia vipande.

Jicho alilipangusa kila Jumatatu asubuhi. Ninyi mnajua namna yake, ila hamjui imetoka kwa nani. Pamba safi, alkoli safi, tone moja. Unaanza katikati, unazunguka kuelekea ukingoni, mara moja tu, bila kukandamiza, na pamba ile unaitupa. Hupulizi kwa mdomo, kwa sababu mdomo una mate. Na alkoli hiyo haivuki kwenda kwenye plexi hata siku moja! Plexi iliyotoka sasa hivi kwenye mwali bado inajikaza ndani kwa ndani, ukiipangusa na alkoli ubavu unapasuka nyufa ndogondogo kama tope la bwawa linapokauka. Plexi unaiosha kwa maji na sabuni. Kwa hiyo mezani kwetu palikuwa na vitu viwili vya kupangusia, pamba ya jicho, na kitambaa cha sabuni, torchon, kilichoning'inia kwenye msumari.

Karatasi ya juu ya plexi msiibandue kabla ya kukata, hilo mnalijua, moshi unachafua. Lakini ikiwa ni ngozi ya plastiki badala ya karatasi, ibandueni, itayeyuka na kugandia ubavuni. Wekeni karatasi yenu wenyewe, hata gazeti lililoloweshwa maji ya sabuni linafaa. Na kwa kazi za heshima Ngoie alikuwa na jambo lake jingine. Mwoka mikate wa nyuma yetu akishatoa mikate, tanuru inabaki na joto la upole. Ngoie alipanga vipande kwenye sinia, akaviingiza humo, akaviacha mpaka tanuru ipoe yenyewe. "Plexi nayo inachoka," alisema. "Uiache ipumuzike." Vipande vilivyopumzishwa hivyo havikupasuka nyufa baadaye. Wateja walisema vibao vyetu vinanukia mkate, na hawakusema uongo.

Sasa niseme majina, maana hapo ndipo nilipoangukia. Kamina nzima plastiki yoyote ngumu inayong'aa inaitwa plexi. Mtu anakuja na kifuniko cha friji, plexi. Anakuja na kipande cha dari, plexi. Ajuda mmoja, mwenye cheo jeshini kule Base, alikuja na ngao ya zamani ya kukingia mawe, ile ya kuona ng'ambo, ili tumkatie kioo cha kuzuia upepo kwenye pikipiki. "Hii ni plexi ya nguvu," akasema. Ilikuwa polikaboneti. Mwali ulipoigusa haikukatika, iliungua, ikatoka kahawia na masizi meusi. Ajuda akaitazama kwa heshima. "Kumbe majiwe haiwezi, na leza nayo haiwezi," akasema. "Basi munirudishie vile iko." Akaifunga nzima kwenye pikipiki yake na kuondoka nayo kama tanga. Polikaboneti ni ya msumeno. Bidoni la njano, lile dumu la mafuta, liacheni liwe bidoni, linayeyuka na kuwaka. Hata plexi yenyewe ni mbili. Ile iliyomwagwa kwenye kalibu ukiichora inatoka nyeupe safi, nzuri kwa majina. Ile iliyosukumwa na masini inakatika upesi na ubavu wake unang'aa, lakini ukiichora majina yanafifia. Ukikosea hapo umepoteza kipande tu.

PVC ni jambo lingine. Ile ya mabomba ya maji, ya dari, ya vibao vyeupe. Mwali ukiigusa inatoa moshi wa asidi, na moshi huo unakula chuma, unakula jicho la masini, unakula kifua cha aliyesimama hapo. Na kwa macho, kibao cheupe cha PVC na kibao cheupe cha plexi huwezi kuvitenganisha.

Ndiyo maana Ngoie hakuamini mdomo wa mteja. Alikuwa na waya ya mukuba, shaba yetu ya hapa hapa Katanga, kipande kifupi kilichofungwa kwenye mpini wa mti. Aliipasha kwenye shalimo, ule mdomo wa moto wa gesi, mpaka iwe nyekundu. Aliigusisha kwenye plastiki ili inase kidogo, akairudisha motoni. Moto ukibaki na rangi yake, tunakata. Moto ukigeuka kijani, mtu anarudishiwa mali yake. "Bantu banasema jina ile balisikia," aliniambia, na bantu ndio watu. "Moto inasema ile inaona." Wateja wengine walinuna. Yeye aliwaacha wanune.

Basi mjomba wake alifariki Kabongo, akaenda kilioni. Tata Monga alikuwa stesheni anasubiri mizigo. Nikabaki peke yangu na masini, na niseme ukweli, nilifurahi. Akaja mke wa askari mmoja, binti wa Base kama mimi, tuliyekua naye safu moja ya nyumba. Jumamosi alikuwa anafungua saluni ya nywele kule Base, alitaka jina lake kwa herufi nyeupe kubwa. Kibao alikuja nacho mwenyewe.

"Ndeko, ni plexi," akaniambia. "Bwana yangu alileta toka Likasi."

Waya ya mukuba ilikuwa ukutani, mbele ya pua yangu. Sikuichukua. Labda ninyi mliozaliwa mjini hamtaelewa. Sisi wa Base tulitoka kila pembe ya Kongo, mjini tuliitwa wageni, na kati yetu neno ndeko, ndugu kwa Lingala, lilitosha. Kumchomea mtu wa Base kitu chake mbele ya macho yake ni kumwambia wewe ni mwongo, na bwana wako ni mwongo. Niliona haya. Nikaweka kibao mezani, nikawasha.

Herufi ya kwanza ilinuka kama mtu amenimwagia siki puani. Machozi yakatoka, koo likakwaruza, na ubavu wa herufi ukawa wa kahawia, ilhali plexi hutoka safi. Mwili wangu ulijua kabla yangu. Nilifungua dirisha, nikafunga kitenge puani, nikaendelea. Nilijiambia kwamba labda ni karatasi inayoungua, wakati karatasi haikuwapo! Nilikata herufi zote, nikazisugua mpaka ukahawia ukatoka, rafiki yangu akazipokea na kunikumbatia. Alipoondoka ndipo nilipochukua waya. Moto ukawa kijani, kijani cha sombe, majani mabichi ya muhogo. Nikafunga gesi haraka kama mwizi aliyesikia mlango.

Jumapili nikitoka misa nilifungua atelye. Reli zilikuwa zimeota kutu nyekundu, nyembamba kama vumbi la barabara. Hapo bado ningeweza kuokoa jambo. Ningekaa pale, nikamsubiri Tata Monga, nikasema nimekosa. Badala yake nilikamata kitambaa na mafuta, nikapangusa reli zote mpaka zikang'aa. Kichwa cha masini sikukifungua. Nilijua kitu kilichomo, na jicho ni ya Ngoie.

Jumatatu Ngoie alifika moja kwa moja kutoka safarini, macho mekundu, sauti imekauka kwa nyimbo za kilio. Alinawa mikono. Akafungua kichwa, akachukua pamba, akatia tone la alkoli, akapangusa kama kawaida yake, kutoka katikati. Mimi nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake. Akaliinua jicho kwenye mwanga wa dirisha. Lilikuwa na ukungu na vishimo vidogo, kama jicho la mzee.

"Tata," akaita. "Kuya uone."

Tata Monga alilitazama muda mrefu.

"Ulipangusa na nini?"

"Na alkoli, Tata."

"Alkoli haifanyi vile. Ulikamata torchon ya sabuni. Ile ya plexi, iko na mchanga."

"Nilikamata pamba. Najua nilikamata pamba."

"Unajua ao unafikiri? Huko ku kilio ulilala siku ngapi?"

"Sikulala."

"Haukulala. Basi unajua namna gani mikono yako ilikamata nini?"

Ngoie alitazama mikono yake. Alitazama pamba iliyokuwa chini, na kitambaa kwenye msumari. Nilimwona anatafuta kichwani mwake na hapati.

"Labda," akasema. "Eyo vidye. Labda."

Eyo vidye ni heshima ya Kiluba, ndiyo, mkubwa. Neno lilikuwa limefika kwenye meno yangu. Nilikuwa na harufu ya mafuta ya reli kwenye vidole, nikaviingiza ndani ya aproni. Tata Monga akamwambia avue aproni yake aende nyumbani asirudi. Hakumtukana. Alisema huku analia, na mimi nikasimama pale nikitazama sakafu.

Mlangoni Ngoie alinigeukia. "Mudogo, sasa jicho ni ya weye. Pangusa polepole. Usifanye sawa miye."

Maneno hayo niliyabeba vibaya miaka yote. Nilidhani amenijua, na kwamba amenichoma kisu kwa upole wake. Nikamwogopa. Nikajiambia, anajua, kwa hiyo hakuna haja ya kumwambia. Mtu akitaka kunyamaza hakosi sababu.

Jicho jipya lilichukua wiki nyingi kufika. Kila alipopita karibu na masini Tata Monga alikuwa ananung'unika, "Usifanye sawa Ngoie, usifanye sawa Ngoie," mpaka likawa neno. Yeye alikuwa wa kwanza kulisema. Wa pili nilikuwa mimi. Mfanyakazi mpya alitaka kupangusa kioo kwa pindo la shati, nikasikia sauti yangu mwenyewe: "Angalia, usifanye ngoie!" Watu wakacheka. Na katika kicheko kile nilipata raha, nawaambia ukweli wote, kwa sababu kila mtu akimcheka Ngoie hakuna anayenitazama mimi. Basi nikawafundisha wote waliokuja nyuma. Nikawafundisha ninyi.

Kukohoa nilikohoa majuma, na hata sasa msimu wa vumbi unanikamata kifuani. Hilo nimelistahili. Nikawa fundi mkuu wa leza wa Kamina, watu walikuja mpaka kutoka Mulongo kutengenezewa vibao, na kila sifa niliyopewa ilikuwa ya mikono ya mtu mwingine. Tata Monga alipougua nilimpelekea machungwa, nikakaa kitandani pake, nikamwambia habari za mvua. Alikufa akiamini uongo wangu. Kwake sitaweza tena kusema. Najuta, wanangu. Nimetafuta neno kubwa kuliko hilo, sikulipata.

Kwa hiyo siku ya soda yenu ilipopita, wiki ileile nilipanda lori kwenda Kabongo. Nilimkuta Ngoie uani anamenya muhogo. Alifurahi kuniona, akanivutia kiti, akauliza habari za binti yangu. Nikamwambia kabla sijakaa.

"Yaya, ile jicho haikuwa weye."

"Jicho gani?"

"Ya masini. Kwa Tata Monga."

Nikamsimulia yote. Saluni, kibao cheupe, waya ambayo sikuichukua, moto wa kijani, kutu, mafuta. Alikuwa anaendelea kumenya. Nilipofika kwenye ile Jumatatu aliweka kisu chini.

"Ngoja," akasema. "Ile siku nilipangusa na nini?"

"Na pamba."

"Weye uliona?"

"Niliona. Nilikuwa nasimama pembeni yako. Pamba na alkoli. Ulianza mu katikati."

"Na torchon ya sabuni?"

"Ilikuwa ku musumari. Haukuigusa."

Kuku walikuja kwenye maganda, hakuwafukuza. Ndipo nikaelewa kwamba hakuwahi kunijua. Mlangoni kwa Tata Monga hakunichoma kisu chochote. Alinionya kweli, kwa mapendo, kwa sababu aliamini.

"Mutoto ya yaya yangu alinunua masini sawa ile, ku Lubumbashi," akasema. "Alinitumia mutu aniambie: Mama mudogo, kuya utufundishe kumalizia, siye hatujue. Nilikatala. Mwaka ingine akatuma tena. Nilimwambia mikono yangu inaharibu bintu ya bantu." Akapangusa uso kwa kitenge. "Ata kushona nguo niliacha, Bolumbu. Niliogopa sindano."

Nikasema nisamehe, yaya. Nilipiga magoti kwenye maganda ya muhogo. Hakunisukuma na hakunishika.

"Ku kilio ya bwana yangu ulikuya," akasema. "Ku ndoa ya mutoto yangu ulikuya. Mwaka ile niligonjwa ulikuya na sabuni na chumvi. Ulikaa pale pale unapiga magoti. Ulikula bukari yangu. Mara ngapi?"

Najua ni mara ngapi.

Saa ya kula ilifika, ikapita, na Ngoie hakuweka motoni maji ya bukari, huo ugali wetu. Mgeni kutoka Kamina, uani kwake, mchana mzima, na hakuna moto. Kwa Mluba kama yeye hakuna neno la kutukana linalofikia hapo. Lakini nilipoaga alinisindikiza mpaka barabarani, kwa sababu adabu haikumtoka. Njiani nilimwambia habari zenu, na neno mnalolicheka. Lori lilipoonekana alisema kitu kimoja: "Enda ubaambie bale bana. Bote." Nikapanda juu ya magunia.

Lori lilipoondoka niligeuka kumpungia mkono. Hakuwa ananitazama. Alikuwa ameinua ile mikono yake mikubwa mbele ya uso, peke yake kando ya barabara, anaigeuza upande huu na upande ule.